Kuchimba Mlalo Penye Joto: Tathmini ya Kozi ya Wiki Mbili Kuhusu Gesi ya Sheli ya Haynesville

Nilipomwambia dada yangu wa Mtwara kuwa nakwenda Marekani kusomea sheli, aliniuliza kama vituo vya mafuta vya nyumbani vimekwisha. Sheli niliyoifuata ni mwamba, wala haina pampu. Ni tope laini la bahari ya kale, la miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, lililozikwa na kukandamizwa mpaka likawa jiwe jeusi la matabaka membamba, na gesi iliyozaliwa humo ikabaki imenaswa katika vitundu vidogo mno, haitoki mpaka jiwe lenyewe lipasuliwe. Mwamba huo unaitwa Haynesville, kwa jina la mji mdogo wa Louisiana, na umelala chini ya kaskazini-magharibi ya jimbo hilo na mashariki ya Texas, katika kina cha kati ya mita 3,200 na 4,100 hivi kwenye eneo lake kuu. Kozi ninayoitathmini hufundishwa Shreveport, mji uliojengwa juu ya mwamba huohuo, na huchukua siku kumi za kazi, moja kati ya hizo ikiwa ya kutembelea rigi, mtambo wa kuchimbia visima.

Chuo sikitaji jina. Nina malalamiko mawili matatu ambayo sipendi yageuke kesi, na isitoshe kozi za namna hii zinafanana kiasi kwamba mtu anayetaka kuchagua ataweza kuyatumia maelezo haya kwa chuo chochote. Mimi nimefanya kazi kwenye visima kwa miaka tisa, karibu vyote vikiwa vya wima, na vichache vikiwa vimeinamishwa kidogo kukwepa kitu fulani. Ada ililipwa nusu na mwajiri na nusu na mimi, na nusu yangu ilikaribia mishahara miwili, kwa hiyo nilikaa darasani kama mtu anayehesabu kila saa.

Kozi nyingi fupi za uchimbaji mlalo hufundisha jiometri: kisima kinashuka wima, kinaanza kupinda, kinafika nyuzi 90, kinakwenda sambamba na tabaka. Hayo mtu anaweza kuyasoma nyumbani. Siku ya kwanza hapa, mwalimu, mzee aliyetumia umri wake wote kwenye rigi za Louisiana, aliandika ubaoni namba mbili tu, 150 na 175, akakaa. Tulidhani ni kurasa za kitabu. Kumbe ni nyuzijoto za Selsiasi ambazo vifaa vya kupimia, vile vinavyosafiri chini ya kisima nyuma ya keekee (meno yanayotoboa mwamba), hutengenezwa kuzivumilia: vya kawaida 150, vya joto kali 175. Halijoto ya Haynesville, sehemu kubwa ya eneo lake, inaangukia humohumo kati ya namba hizo, na penye kina zaidi inazipita. Kwa maneno mengine, mtu anachimba kilomita nyingi ardhini akitegemea macho yanayopofuka palepale anapoyahitaji.

Hilo ndilo wazo ambalo kozi hii imejengwa juu yake, na ndiyo sababu naiona ina thamani. Kupinda kisima ni kazi ambayo vifaa vya leo vinaiweza. Kinachokula pesa kwenye gesi ya kina kirefu ni joto na shinikizo, na mwanafunzi asiyefundishwa kuvisoma atarudi nyumbani na cheti kizuri cha kuchora mkunjo.

Siku ya tatu ndiyo niliyolipia ada yangu. Tuliwekwa wawili wawili kwenye simyuleta, chumba chenye kiti cha mchimbaji, vijiti viwili vya kuendeshea na skrini zinazoonyesha uzito ulio juu ya keekee, mzunguko wa bomba, shinikizo la pampu na halijoto ya chini. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kenya anayefanya kazi kwenye visima vya jotoardhi vya Olkaria. Kisima chetu cha kuigiza kilikuwa kimeshapita mkunjo, kikiwa kimekwenda mlalo zaidi ya mita elfu moja, na keekee ilikuwa inakula mwamba vizuri. Halijoto ilisoma 158. Baada ya robo saa, 161. Mwenzangu akasema, "Kaka, tusimame tuzungushe tope kwanza," akimaanisha majimaji mazito yanayosukumwa ndani ya bomba hadi chini na kurudi juu, yakipooza vifaa. Nikamjibu kuwa bado tuna nafasi mpaka 175, tumalize bomba hili na linalofuata. Ikafika 166, kisha mstari wa ishara kutoka kwenye kifaa ukalala chali kwenye skrini, na hatukujua tena kisima kinaelekea wapi.

Mwalimu hakukasirika. Alitufanya tutoe bomba lote kwenye kisima, kwa mwendo wa kasi wa simyuleta lakini saa halisi zikihesabika pembeni: zaidi ya kilomita tano za chuma kwenda juu, kubadilisha kifaa, kisha kurudi chini. "Mmeokoa dakika arobaini," alisema, "mmelipa siku moja na nusu ya rigi." Kisha akaeleza jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwa nimelifikiria sawasawa. Joto linaloua kifaa lina vyanzo viwili. Mmoja ni mwamba. Mwingine ni sisi wenyewe: msuguano wa bomba linalozunguka likiwa limelalia sakafu ya kisima, mota inayosukumwa na tope, na tope lenyewe likilazimishwa kupita kwenye matundu madogo ya keekee. Tope linalozunguka ndilo linalopooza. Pampu zikisimama, vifaa huanza kupanda taratibu kuelekea halijoto ya mwamba, kwa hiyo hata kurudisha bomba chini hufanywa kwa vituo, ukishuka kiasi unasimama unazungusha tope, ndipo unashuka tena. Na mpira ulio ndani ya mota ukipata joto la muda mrefu huvimba na kumeguka vipande vipande kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati. Mzee alitupitishia kipande cha mpira huo mkononi. Kilikuwa kigumu kama kwato.

Yule kijana wa Olkaria, ambako joto la zaidi ya nyuzi 300 limeshapimwa chini ya ardhi, alicheka sana jioni ile. "Kwetu joto ndilo tunalolitafuta," aliniambia, "hapa mnalikimbia." Lakini yeye ndiye aliyekuwa na akili ya kusimama kwenye 161, na hilo sikulisahau.

Somo la pili kwa ubora lilikuwa la shinikizo. Gesi ya Haynesville imefungiwa kwa nguvu inayokaribia maradufu ya ile ambayo mtu angeitarajia kwa uzito wa maji peke yake katika kina hicho. Ili kuizuia isiingie kisimani wakati wa kuchimba, tope hutiwa madini ya bariti mpaka uzito wake ukaribie mara mbili ya maji. Tatizo ni kwamba matabaka ya juu hayawezi kubeba tope zito kiasi hicho. Yangepasuka na kulinywa. Ndiyo maana kesingi ya kati, bomba la chuma la kukinga kuta za kisima, hushushwa na kufungwa kwa saruji kabla ya kuingia penye shinikizo, baada ya kupita mchanga mgumu wa tabaka liitwalo Hosston, ambao hunoa keekee kama jiwe la kinu, isipokuwa kwamba hapa keekee ndiyo inayokwisha. Chini ya hapo, nafasi kati ya tope jepesi linaloruhusu gesi na tope zito linalopasua mwamba ni nyembamba, na mzunguko wa pampu peke yake unaweza kuivuka.

Zoezi lake lilikuwa la kutisha kwa namna nzuri. Tope linalotumika ni la mafuta, na gesi huyeyuka ndani ya mafuta kama chumvi kwenye mchuzi: imo, lakini huioni. Kiasi kidogo kikiingia chini, kiwango cha tope kwenye matangi kinabaki karibu vilevile, mchimbaji anaendelea na kazi zake, mpaka tope lile likaribie juu ambako shinikizo limepungua. Hapo gesi hutoka yote kwa mkupuo, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Kati ya makundi sita ya darasa letu, manne yalichelewa kufunga vali za kuzuia mlipuko. Kundi letu lilikuwa mojawapo ya mawili yaliyowahi, lakini sijisifu. Mwenzangu alikuwa ameweka kidole kwenye swichi tangu zoezi lianze. Ni vizuri msomaji ajue kuwa mazoezi haya hayampi cheti cha kimataifa cha udhibiti wa visima. Tangazo la kozi limeandikwa kwa namna inayoweza kumfanya mtu adhani hivyo, na wenzetu wawili walidhani.

Somo la kuongoza keekee ndani ya tabaka lilianza vizuri likaishia vibaya. Tabaka linalolengwa huwa la unene wa mita chache, na anayeongoza husoma mionzi ya gama ya mwamba kujua kama yuko juu, katikati au chini yake. Sasa, kipimo hicho kimekaa mita kumi na kitu nyuma ya keekee. Ni sawa na nahodha wa jahazi anayepimiwa kina cha maji kwenye tezi huku mwamba ukimngoja kwenye omo. Anapogundua kuwa ametoka nje ya tabaka, keekee imeshatoka zamani, na akirekebisha kwa pupa kisima kinakuwa na mawimbi ambayo bomba litakwama ndani yake baadaye. Haya yote mwalimu kijana aliyeshika zamu ya mzee aliyaeleza. Lakini data aliyotupa ilikuwa ya kisima kimoja cha miaka mingi, kilichotafsiriwa na kusafishwa, ambamo kila alama ilikuwa pale inapotakiwa kuwa. Hapakuwa na ufa uliohamisha tabaka, hapakuwa na kipimo kinachodanganya. Darasa zima lilifaulu kwa asilimia mia, na hakuna aliyejifunza kitu.

Zoezi la mpango wa kisima, kwa upande mwingine, lilinifumbua macho kuhusu urefu. Haynesville ilipotangazwa mwaka 2008, ardhi ya Louisiana ilikuwa imegawanywa katika miraba ya ekari 640, maili moja kwa maili moja, na visima vya mwanzo viliishia ndani ya mraba mmoja, mlalo wake ukiwa futi 4,500 hivi, yaani chini kidogo ya mita 1,400. Leo mlalo wa futi 10,000, zaidi ya kilomita tatu, ni jambo la kawaida huko. Sababu tulifikia wenyewe kwa kikokotoo. Kufika chini ndiyo gharama: kesingi zote, Hosston yote, tope zito lote, vimelipiwa kabla hujagusa mita moja ya mwamba wenye gesi. Kwenye sheli ya kina kifupi mtu anaweza kuvumilia mlalo mfupi. Kwenye kina cha mita 3,800, mlalo mfupi ni kama kukodi basi zima la kwenda Dodoma kumpeleka abiria mmoja. Lakini kila mita unayoongeza inaongeza msuguano, msuguano unaongeza joto, na hapo unarudi kwenye namba mbili za siku ya kwanza. Nimeona kozi chache zinazofunga mzunguko wake namna hiyo.

Siku ya rigi tulipelekwa kusini mwa Shreveport, wilaya ya De Soto, kwenye msitu wa misonobari ambao ungeupita bila kujua kuna nini ndani. Uwanja wa changarawe, rigi moja inayohamishwa kwa miguu yake ya haidroli kutoka kinywa cha kisima kimoja hadi cha pili mita chache pembeni, na kando ya matangi, mashine ya kupoza tope yenye feni zinazonguruma kiasi kwamba mwongozaji alizungumza kwa kupaza sauti muda wote. Viatu nilivyopewa vilikuwa vikubwa kwa namba mbili, licha ya kuwa fomu niliijaza mwezi mzima kabla. Nilitembea kama bata.

Kilichonigusa ni kwenye machujio. Tope lilikuwa linafika juu likitoa mvuke, likimwagika kwenye nyavu zinazotetemeka, na vipande vya mwamba vikiruka mbele kama pumba kwenye ungo. Msimamizi aliniruhusu kuchukua vichache kwa glavu. Vilikuwa vyembamba, vyeusi, vyenye makali, vinanuka dizeli, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita tatu kuja juu bado vilikuwa vya moto. Nimeshika mchanga wa visima vya kwetu mara nyingi. Ukiuangalia kwa lenzi unaona nafasi kati ya chembe na chembe. Hapa sikuona kitu. Chakula cha mchana kilikuwa wali na maharage mekundu, chakula cha siku zote cha Louisiana, na ndicho kitu pekee katika safari ile ambacho sikuhitaji kufafanuliwa.

Nije kwenye upungufu mkubwa. Kozi hii inajiita ya "uendelezaji wa eneo la gesi", lakini kazi yake inaishia kisima kinapofika mwisho wa mlalo. Kupasua mwamba kulipewa nusu siku. Tulielezwa jinsi kesingi inavyotobolewa kwa hatua kutoka mwisho kurudi nyuma, kila hatua ikizibwa kwa plagi, na maji yenye mchanga yakisukumwa ili nyufa zibaki wazi. Tulielezwa pia kuwa wachimbaji wa mwanzo walipendelea chembe za seramiki kwa kuwa uzito wa kina kile huponda mchanga wa kawaida, na kwamba baadaye wengi waligeukia mchanga kwa wingi kwa sababu ya bei. Hilo lilistahili siku nzima.

Na baada ya gesi kufika juu, kimya kabisa. Kisima cha Haynesville hutoka kwa kishindo, kisha kikapoteza zaidi ya nusu ya kasi yake ndani ya mwaka wa kwanza. Mtu anayepanga eneo la gesi bila kuliweka hilo mbele anapanga kwa namba za fungate. Tangu mwaka 2010 hivi baadhi ya kampuni za huko zilianza kubana choki, kifaa cha juu ya kisima kinachopunguza mtiririko wa gesi, zikikubali gesi kidogo siku za mwanzo ili shinikizo lisishuke ghafla na nyufa zisijifunge, na kuanguka kwa uzalishaji kukapungua makali. Niliuliza darasani. Mwalimu kijana alisema hiyo ni mada ya uzalishaji.

Bei nayo haikutajwa, wakati historia yote ya eneo lile imeandikwa na bei. Katikati ya 2008, gesi Marekani iliuzwa kwa zaidi ya dola 13 kwa Btu milioni moja (Btu ni kipimo cha nishati), na wenye ardhi wa De Soto na wilaya jirani ya Caddo waliamka matajiri kwa kusaini karatasi. Aprili 2012 ilikuwa chini ya dola 2, na rigi zilihamia kwingine. Zilirudi kwa wingi baada ya Februari 2016, meli ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika ilipoondoka Sabine Pass, pwani ya jimbo hilohilo; ukaribu na bahari ndio unaoifanya sheli ya gharama kubwa ilipe. Maji pia yalipitwa. Mwaka huohuo wa 2008 serikali ya Louisiana ilizishauri kampuni ziache kuchota kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Carrizo-Wilcox, inayonywesha kaya za vijijini, na zitumie maji ya juu ya ardhi au ya bonde la Mto Red. Mwaka uliofuata, ng'ombe zaidi ya kumi walikufa Caddo kando ya kisima baada ya kunywa majimaji yaliyovuja. Habari hizi nilizipata kwa yule mzee wakati wa kahawa, akizisimulia bila kuficha. Kwa nini hazimo kwenye somo, sijui kama ni yeye aliyeamua.

Kwa Mtanzania, swali la haki ni kama kozi hii ina kazi nyumbani. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na ile iliyogunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, imo ndani ya mchanga na hutoka bila kupasuliwa. Hakuna atakayekuagiza kisima cha Haynesville kesho. Kilichonifaa ni kanuni ya joto, hesabu ya msuguano kwenye bomba refu, na ile gesi iliyojificha ndani ya tope la mafuta. Kwa mtu wa jotoardhi wa Kenya manufaa ni ya moja kwa moja zaidi. Kwa kijana aliyetoka chuo bila kukaa kwenye rigi hata mwezi mmoja, nashauri asubiri, kwa kuwa simyuleta itamfundisha kubofya kabla hajajua sauti ya pampu inayosumbuka. Ukienda, omba zamu ya mzee kwa maandishi, na chukua viatu vyako.

Ningeipa alama saba kati ya kumi, tano kati yake zikiwa za siku ya tatu. Nilipojaza fomu ya maoni niliomba siku mbili ziongezwe kwa ajili ya choki na kushuka kwa uzalishaji. Majibu yalikuja haraka, kwa adabu sana, yakiambatana na tangazo la kozi ya pili inayohusu mambo hayo tu, na ada yake.